Uyoga wa Juu ya Friji

Jana usiku, tumbo likiwa limejaa makande yaliyolala, niliota nimeitwa kwenye kikao cha ukoo wa uyoga. Sikushangaa. Mtu aliyekula makande yaliyolala hana haki ya kushangaa.

Ila ndoto haiji mikono mitupu, kwa hiyo niseme kwanza nililala na nini kichwani. Mimi ni Daktari Yoeli Shemhilu, mtafiti wa uyoga wa misituni, na leo asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya mkutano wa wanasayansi hapa Morogoro kutangaza spishi mpya. Ni uyoga mdogo, kofia yake rangi ya ini, niliouokota kwenye bonde moja la Usambara Mashariki. Nilikuwa nimeandika kwamba haupatikani mahali pengine popote duniani. Na ungeitwa kwa jina langu.

Kanuni zetu hazimkatazi mtu kuupa uyoga jina lake mwenyewe, lakini ni aibu, sawa na kujipigia makofi. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga na mwenzangu, Daktari Nsajigwa, kwamba yeye ndiye atasimama na kupendekeza jina la Shemhilu, na mimi nitashtuka. Nilifanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo cha bafuni mpaka mke wangu, Namkunda, akaniuliza kama nina jino bovu. Ndugu zangu wa Lushoto nao walishachapisha fulana za sare, uyoga kifuani, jina la ukoo mgongoni.

Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa juu ya friji. Ni kifurushi kutoka Yaunde, Kameruni. Mtafiti wa huko alisikia habari zangu, akanitumia uyoga mmoja mkavu wa misitu ya kwao, kofia rangi ya ini, niufananishe na wangu. Ule wa kwao una jina tangu enzi za mababu, na kwetu wanasayansi jina la kwanza ndilo jina. Ukiwa ni ule ule, basi wangu si mpya, na Shemhilu anabaki kuwa jina la watu wa Lushoto tu.

Nilisema nitakifungua nikipata nafasi. Nikapata nafasi ya kung'arisha viatu vya watoto, nikapata nafasi ya kukaza skrubu za vitasa vyote vya nyumba, hata ya kupanga vijiko kwa urefu. Kifurushi kikabaki pale pale na mkanda wake wa gundi, na sikukipeleka ofisini kwa sababu ofisini kuna watu wanaouliza maswali.

Jambo la mwisho la kujua ni hili. Uyoga mbichi una vumbi lake, ndilo mbegu zake. Tukitaka kuutambua, tunaikata kofia na kuilaza juu ya karatasi usiku kucha. Asubuhi ukiinua kofia unakuta vumbi limeanguka likachora duara la mistari myembamba iliyotoka katikati, na rangi yake ndiyo inayosema uyoga huo ni wa mlango gani. Wa kwangu ulichora duara la rangi ya chai ya maziwa.

Basi, niliota nimesimama jikoni, na friji ikakohoa.

"Daktari, unaitwa," ikasema.

"Na nani?"

"Na ukoo. Pita ndani. Usiikanyage kabichi."

Nikaingia, nikapita kando ya kabichi, nikatokea Usambara. Ukungu ni ule ule, mkondo wa maji ni ule ule. Uyoga wamejaa bonde zima, na kila mmoja amekalia duara jeusi la ukubwa wa sinia. Niliyatambua mara moja. Ni vile vitone ninavyoviweka kwenye ramani kuonyesha uyoga gani umeokotwa wapi. Sikujua kwamba wanavikalia.

Mbele yao alikuwa bibi mmoja mfupi, kofia yake rangi ya ini. Nilimjua, kwa maana nilimkata mimi mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda."

Sijakonda tangu nioe, lakini nilishukuru.

"Tumesikia unataka kutuingiza kwenye ukoo wako," bibi akasema.

"Ni heshima, bibi."

"Kwa nani?"

Nikatafuta jibu kwenye mifuko ya suruali. Nilikuwa nimevaa pajama, haina mifuko.

Aliyekuwa akigawa chai kwenye kikao kile ni mchwa mmoja aliyevaa koti. Mchwa ni mtani wa uyoga, na mnajua mambo ya utani: mtani anaweza kukusema mbele za watu, hata msibani kwako, na wewe huruhusiwi kununa. Akanipa kikombe, akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye," bibi akasema.

"Nilidhani ni mkubwa kuliko hivi. Haya, kabla ya jina, mti. Hatumpi mtu undugu bila kujua ametokea tawi gani."

Mti ukasimama mbele yangu. Ni mti wa ukoo ninaouchora kila siku kwenye kompyuta, kuonyesha nani ni ndugu wa nani. Na kila tawi limeandikwa asilimia ya uhakika wake, kama tunavyofanya. Sijawahi kuwaza kwamba siku moja nitaupanda.

Napanda. Tawi la asilimia mia moja halitikisiki, unaweza kujenga nyumba juu yake. La asilimia tisini linayumba kidogo. La sabini linaniuliza uzito wangu. Kule pembeni kabisa naona tawi jembamba limetundikwa fulana, na mgongoni mwa fulana pameandikwa Shemhilu. Tawi lenyewe limeandikwa asilimia thelathini na nane.

"Usiende huko," mchwa anasema kutoka chini.

Naenda. Fulana ile nimeililia kwa miaka mingi, siwezi kuiona nikaiacha. Naishika. Tawi linakatika.

"Samahani," likasema tukiwa njiani kuelekea chini. "Nilikuambia uhakika wangu ni kiasi hicho. Wewe ndiye uliyeniandika."

Nikapita karibu na mgomba, nikanyoosha mkono. "Nishike, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako," mgomba ukajibu bila ubaya wowote. "Ndugu zako ni hao unaowaangukia."

Nikaangukia penye panda ya chini kabisa, katikati ya uyoga. Mchwa akanipangusa majani. Akanionyesha pale shina linapogawanyika: mimea imekwenda zake upande mmoja, na upande wa pili wametoka pamoja watu, ng'ombe, nzi na uyoga. Haya mambo nayajua. Nimeyafundisha darasani nikitazama saa. Ila ni jambo moja kuyafundisha, na jambo jingine kuambiwa na ndugu mwenyewe huku amekushika bega.

"Miti ni wakwe zetu tu," bibi akasema. "Tumeoleana kwenye mizizi. Ninyi ndio damu."

Nilikumbuka uyoga wote niliowala kwa nazi. Nikaishusha chai yangu chini.

Bila taarifa yoyote, bonde likawa chumba chetu cha kukaushia sampuli kule chuoni. Nimelala chali juu ya wavu, taa ya kukaushia inaniwakia, na uyoga wamejipanga pande zote wamevaa makoti meupe.

"Mbona mimi?" nikauliza.

"Sheria yenu," mchwa akasema. "Kila jina lazima liwe na sampuli moja iliyokaushwa, inayowekwa kwenye droo milele, ili mwenye shaka aje aitazame. Jina ni Shemhilu. Tumkaushe nani? Nsajigwa?"

Nilikiri moyoni kwamba hoja ina nguvu. Mchwa akaanza kunisoma kwa sauti, na uyoga mmoja mwembamba akawa anaandika.

"Kofia: ina upara katikati, pembeni imejaribiwa kufichwa. Shina: nene, limelegea kuanzia kiunoni. Harufu: makande. Makazi: kitandani, upande wa ukutani."

"Analiwa?" mwandishi akauliza.

"Hapana. Anashibisha kwa maneno tu. Anapatikana wapi? Andika, mbele ya kioo."

"Ni adimu?"

Mchwa akafikiri. "Si adimu. Wapo wengi. Hujitokeza kwa wingi penye mikutano yenye chakula cha mchana."

"Mtani, umezidi," nikasema kutoka kwenye wavu.

"Mtani hazidi. Na nasikia una kipaji. Nasikia unaweza kushtuka. Hebu."

Nikashtuka. Ile ile ya bafuni: nyusi juu, mkono kifuani, kichwa nyuma kidogo kwa unyenyekevu. Chumba kizima kikanyamaza. Niliona nimewaweza.

"Jino bovu," mchwa akamwambia mwandishi. "Liandike."

Ilikuwa zamu ya bibi. Hakuwa na koti jeupe, na hakucheka. Alisogea mpaka kwenye wavu, akaniuliza taratibu.

"Mjukuu wangu, umeandika kwamba mimi sina ndugu popote duniani. Umenitafutia wapi?"

"Nimekutafutia Uluguru, bibi. Udzungwa. Nimefika hadi milima ya Taita, mvua ikaninyeshea."

"Na juu ya friji?"

Taa ya kukaushia ikaongeza moto yenyewe.

"Juu ya friji si msitu," nikasema. Hata mimi nilisikia jibu lilivyotoka vibaya.

Bibi alichukua kitone chake, akakibana kwapani kama mtu anayeondoka harusini na kigoda chake, akatoka nje. Nikashuka kwenye wavu nikamfuata, nusu mbichi nusu mkavu. Nje ya mlango hapakuwa chuo tena. Palikuwa nyika ya Manyoni, jua kali, miiba, mbuzi mmoja mbali, na mbele hakuna kitone hata kimoja mpaka macho yanapoishia.

Bibi akaweka kitone chake chini, akakisimamia, akaangalia upande wa magharibi.

"Niwekee kingine mbele," akasema. "Nikanyage nivuke. Nataka kufika Kameruni."

"Bibi, siwezi kuweka kitone mahali ambapo hakuna sampuli. Ni kinyume cha sheria."

"Sheria unaijua."

"Naijua, bibi."

"Unaijua ile isiyokuuma."

Mbuzi alituangalia akaendelea kula.

"Hapa palikuwa msitu," bibi akasema. "Zamani, kabla hamjajifunza kusimama. Kutoka bahari hii hadi bahari ile, giza tupu, unyevu mtupu. Mimi na dada yangu tulikuwa majirani. Kisha mvua ikapungua, na miti ikaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja ukisema unatoka kidogo unarudi. Mimi nikang'ang'ania milima yangu kwa sababu ina ukungu. Yeye akang'ang'ania mvua za kule kwao. Watu husema tuliachana. Hatukuachana, mjukuu wangu. Msitu ndio ulioondoka katikati."

Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma sana, na huruma yenyewe ilinikera, maana niliona inakokwenda, na huko inakokwenda hakuna fulana.

"Ni yeye aliyemo kwenye kile kifurushi?" akauliza.

"Sijui, bibi."

"Hujui, au hujatazama?"

"Sijatazama."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema habari za vitasa na vijiko.

"Niliogopa," nikasema. "Akiwa ni dada yako, mimi sina kitu. Kazi yote ya maisha yangu ni wewe, bibi. Sina uyoga mwingine."

Mchwa alikuwa ametufuata na birika lake. Alifungua mdomo, nikajiandaa. Akaufunga.

"Huyu simsemi," akasema. "Amejisema."

Akanimiminia chai, na safari hii aliiongeza sukari bila kuulizwa.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye kikombe, tuko jikoni kwangu. Friji ilipomwona bibi ilipiga magoti, kwa heshima, ili aweze kupanda. Akapanda. Akakizunguka kifurushi, akakigusa pembe zake zote, akajaribu mkanda wa gundi kwa ukingo wa kofia yake. Haukubanduka.

"Nifungulie," akasema.

Sasa hapa ndipo mtu angetegemea kwamba nimejifunza. Nimeanguka kwenye mti, nimekaushwa, nimeiona nyika iliyomtenga na nduguye, nimenywa chai ya huruma. Ningekuwa mtu wa maana ningechukua kisu. Nikasema, "Kesho, bibi. Mkutano ukiisha tu, jambo la kwanza."

Friji ikatazama pembeni. Niliona aibu, na bado sikuchukua kisu.

Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yote ya mchwa. Alivua shina lake kama mtu anayevua viatu mlangoni, akalisimamisha kando. Kisha akaishusha kofia yake juu ya kifurushi, kifudifudi, polepole, kama mtu anayelaza shavu kwenye kifua cha mgonjwa.

"Basi nalala hapa," akasema. "Usiku mmoja unatosha. Si ndivyo wewe unavyotupima?"

"Ndivyo, bibi."

"Zima taa."

Nikazima. Gizani nikamsikia akigonga boksi mara moja, kidogo sana. "Dada," akaita.

Ndani ya kifurushi kitu kikajigeuza.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jua limefika kwenye kamba ya nguo, na shati langu la mkutano linaning'inia mlangoni limepigwa pasi. Nilijicheka. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikashtuka mara mbili ili misuli isisahau, nikaenda jikoni kutafuta chai.

Namkunda alikuwa amesimama mbele ya friji na kitambaa kibichi mkononi.

"Baba Eliya, hiki kidude chako kinamwaga nini?" akaniuliza. "Nimekifuta jana jioni kwa mkono wangu, angalia sasa."

Akainua kitambaa.

"Usifute," nikasema.

Sijui nilisemaje, maana aliuacha mkono hewani. Nikasogea. Juu ya kifurushi, katikati kabisa, palikuwa na duara la vumbi, dogo, safi, lenye mistari myembamba iliyotoka katikati kwenda ukingoni. Rangi ya chai ya maziwa. Nyumbani kwetu hakuna uyoga mbichi. Uyoga wangu wa Usambara uko chuoni, kwenye droo iliyofungwa kwa ufunguo, mkavu kama ganda la karanga, na uyoga mkavu haumwagi kitu.

Nikachukua kisu cha mkate. Nilikata mkanda pembeni, taratibu, nisiliguse lile duara. Ndani kulikuwa na karatasi laini, na ndani ya karatasi uyoga mmoja mdogo, umekauka, kofia rangi ya ini. Ulikuwa umejinasua nusu kutoka kwenye karatasi yake.

Nikageuza kifuniko cha boksi. Upande wa ndani, sambamba na duara la juu, palikuwa na duara jingine. Ukubwa ule ule, rangi ile ile, mstari kwa mstari. Vumbi huanguka chini. Lile lilikuwa limepanda juu. Kati ya duara na duara kulikuwa na unene wa boksi tu.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Jina langu lilikuwa limekwisha, na nilitegemea maumivu yake yatakuwa makubwa kuliko nilivyoyasikia. Nilichokuwa nikiwaza ni kwamba nimewatenga wale wawili muda wote huo, mmoja kwenye droo, mwingine juu ya friji, nikipanga vijiko.

Nikampigia Nsajigwa.

"Usisimame," nikamwambia.

"Kuna nini? Nimeshavaa tai."

"Bibi ana dada."

"Bibi yupi?"

"Nitasimama mimi. Nitawaeleza. Halafu naomba uniazime boksi moja kubwa la sampuli, nataka kuwaweka wawili pamoja."

"Na zile fulana za Lushoto?"

"Watalimia," nikasema, nikakata simu.

Namkunda alikuwa bado amesimama na kitambaa chake, ananitazama usoni. Nadhani nyusi zangu zilikuwa juu, na mkono wangu, sijui tangu saa ngapi, ulikuwa kifuani.

"Eeh," akasema. "Hapo sasa umeshtuka."